Kutembea na Mbwa Si Kuingia Naye Msikitini

Wahenga wetu wa pwani wametuachia methali mbili ambazo, tangu nianze kutembea kwa miguu kila asubuhi, nimezisikia mara nyingi kuliko salamu. Ya kwanza ni hii: mtembezi hula miguu yake. Ya pili ni kali zaidi: mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Ya kwanza hutolewa na wale wanaonihurumia, na ya pili hutolewa na wale wanaonikasirikia.

Methali zote mbili nazikubali kwa moyo mkunjufu, maana wazee wetu hawakuwa watu wa kusema ovyo. Ninalolikataa ni namna zinavyotumiwa. Nimeonelea leo nizitie kwenye mizani mbele ya wasomaji, kwa sababu nyuma ya mzaha huu wa barazani kuna afya ya watu, tena kuna ujirani wetu sisi na wenzetu.

HABARI YENYEWE

Habari yenyewe ni fupi. Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Bamburi, kaskazini ya kisiwa cha Mombasa. Nina sahibu yangu, Mgiriama, ambaye tumekaa naye jirani zaidi ya miaka ishirini. Yeye si Mwislamu. Ujana wake aliumaliza katika kazi ya kupakua mizigo, na sasa anafuga mbuzi na kuku katika kishamba chake. Tumezikana, tumeozana, na kila Idi sinia ya pilau huvuka ua kutoka kwangu kwenda kwake.

Mwaka jana sahibu yangu alipimwa akaambiwa kuwa ana kisukari. Habari hiyo ilimtia hofu kubwa, na si bure. Kaka yake mkubwa aliugua maradhi hayo hayo, akakatwa mguu chini ya goti, na mwaka haukupita akafariki. Basi alipotoka kwa tabibu akiwa na dawa zake na amri ya kutembea kila siku, alikuja moja kwa moja hadi barazani kwangu. Akaniambia, "Maalim, dawa nitameza peke yangu, lakini kutembea peke yangu sitaweza. Twende sote." Nikamwambia, "Kaka, twende."

Sasa basi, sahibu yangu ana mbwa wawili wanaomlindia mbuzi. Mmoja anaitwa Walimwengu na wa pili anaitwa Sina Neno, majina ambayo ungedhani ameyatoa kwenye kanga. Mbwa hawa akitoka wao hutoka, akikaa hukaa. Ukiwafungia nyuma hulia mpaka mtaa mzima ukaamka. Kwa hiyo aliyekubali kutembea na sahibu yangu amekubali kutembea na wanne: wawili wenye miguu miwili na wawili wenye minne.

Tulianza kwa unyonge. Wiki ya kwanza tulikwenda nusu saa tu, kutoka majumbani kwetu hadi ufuoni na kurudi, na mwenzangu akipumzika njiani mara mbili. Wiki ya tatu tukaifikisha saa nzima. Mwezi wa tatu ulipoingia tukaweza kuufuata ufuo kutoka ile pwani ya umma ya Kenyatta, ambayo wengi huiita Pirates, mpaka Shanzu na kurudi. Kwa makisio yetu mwendo huo si chini ya kilomita 8. Leo huu ni mwezi wa kumi, na ukiacha wiki sita ambazo nitazieleza hapa mbele, siku tulizokosa zahesabika kwa vidole.

Atembeaye ufuoni lazima aijue bahari. Hapa kwetu, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa mnamo saa kumi za alfajiri. Ukishuka saa kumi na mbili utayakuta bado yamezikaribia kuta za mahoteli, na mchanga uliobaki ni laini, unachosha vifundo. Hapo sisi huuacha ufuo na kupita njia za ndani za Utange. Siku zilizo bora ni zile mbili tatu kabla ya bamvua, jua linapochomoza na maji yanaondoka, yakatuachia mchanga mgumu kama sakafu. Kwa hivyo kalenda yetu ya matembezi ni ile ile ya mvuvi na ya mfungaji: tunautazama mwezi.

Ama ziko siku ambazo nafsi haitaki. Kusi inavuma, mvua ya mwaka inapiga mabati, na mtu anaona shuka yake ina utamu usio na mfano. Lakini mbwa hajui udhuru. Saa kumi na moja na nusu Walimwengu husimama mlangoni kwa bwana wake akanung'unika pole pole mpaka mtu ainuke, na akishainuka yeye, mimi nikitoka msikitini humkuta ananingoja njia panda. Tabibu aweza kukuandikia dawa nzuri, lakini hawezi kuja kukuamsha. Mwenzio na mbwa wake wanaweza.

MIGUU INALIWA NA NANI?

Sasa tuitazame ile methali ya kwanza. Wazee walisema mtembezi hula miguu yake wakimkusudia mzururaji, mtu anayezunguka mji bila ya shughuli, akarudi jioni na kitu kimoja tu, nacho ni uchovu. Hawakumkusudia mtu anayekwenda kwa nia. Wao wenyewe walikuwa watu wa mwendo. Kabla ya reli kuanza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, bidhaa za bara zilifika pwani na za pwani zikafika bara kwa vichwa na miguu ya watu. Mama zetu walikwenda kisimani kwa miguu, baba zetu walikwenda shamba kwa miguu, na aliyetaka maulidi ya kijiji cha pili alifunga kikoi chake akaondoka baada ya alasiri.

Siku hizi mambo yamegeuka. Kutoka nyumbani hadi dukani ni tuktuk, kutoka dukani hadi msikitini ni bodaboda. Lakini chakula hatukukigeuza. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi, jioni ni viazi karai na kaimati, na Ijumaa ni pilau, na baada ya pilau haluwa. Chakula cha mtu aliyekwenda shamba na kurudi sasa kinaliwa na mtu aliyekaa barazani tangu adhuhuri. Kisha tunashangaa kuona kila nyumba ina mgonjwa wa presha au wa kisukari.

Na kisukari, wasomaji wangu, ndicho kinachokula miguu hasa. Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu huharibu mishipa midogo ya damu na mishipa ya fahamu, na miguu ndiyo inayodhurika upesi. Mtu hupoteza hisia za nyayo. Atakanyaga mwiba asijue, kiatu kitamchubua asisikie, na kidonda kikishaingia hakiponi kwa sababu damu haifiki vizuri. Mwisho wake ni kisu cha daktari. Kwa hiyo zama zetu hizi methali imepinduka: asiyetembea ndiye anayeliwa miguu.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, lilishauri kwamba mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kila wiki. Ukizigawa kwa siku saba hazifiki nusu saa kwa siku. Wako vijana walioniuliza kama natimiza zile hatua 10,000 zinazosifiwa kwenye simu zao. Hesabu hiyo ilivuma tangu mwaka 1965, pale Wajapani walipouza kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye maana ya hatua elfu kumi. Ilikuwa hesabu ya kupendeza masikio ya wanunuzi. La maana si kufikia idadi fulani, bali ni kutoka kila siku, na kuongeza kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba.

Sahibu yangu hakuacha dawa zake, wala mgonjwa yeyote asiziache kwa kusoma gazeti. Lakini vipimo vyake vimeshuka, na usingizi wake umerudi. Kila jioni hukaa kizingitini, mkewe akamtazama nyayo na vidole, kimoja baada ya kimoja, kama mtu anayechagua mchele.

JIWE

Laiti mambo yangalikuwa hivyo tu, nisingekuwa na haja ya kushika kalamu. Lakini tulipokuwa katika mwezi wa tano, tukikata uchochoro kurudi nyumbani, watoto waliokuwa wakienda chuoni waliwaona mbwa wakaanza kupiga kelele, "Najisi! Najisi!" na kuwatupia mawe. Jiwe moja halikumpata mbwa. Lilimpata sahibu yangu juu ya kifundo cha mguu, pakachanika. Aliyelitupa ni mtoto wa miaka tisa hivi, mwenye kanzu na kofia, na msahafu kwapani.

Kwa mimi na wewe jeraha lile lingekuwa la siku tatu. Kwa mtu wa kisukari lilikuwa la wiki sita. Kwa wiki sita tulikaa hatutembei, na kila siku mwenzangu alikuwa akikitazama kidonda kile na kumkumbuka kaka yake. Mungu alijaalia kikapona. Lakini siku moja kati ya hizo aliniambia neno ambalo sijalisahau. Alisema, "Maalim, kama mimi na mbwa zangu tunakuharibia jina lako msikitini, niambie. Nitatembea peke yangu."

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mzee mmoja ninayemheshimu alikuwa amenikalisha kando, akaniambia kuwa maneno yamekuwa mengi, na kwamba ni aibu kwa mtu aliyesomesha watoto wa watu kuonekana na mbwa. Kijana mmoja naye aliuliza mbele ya jamaa kama sala ya anayesimama karibu yangu katika safu inasihi. Sahibu yangu alikuwa ameyapata yote hayo, kwa maana maneno ya barazani hayana ua.

Mimi sikumlaumu yule mtoto. Mtoto wa miaka tisa halitungi neno. Hulichukua kwa wakubwa. Sisi wakubwa tumemfundisha nusu ya mas'ala, na nusu nyingine tumeinyamazia.

DINI YASEMAJE?

Mimi si shekhe, na mwenye shaka na amuulize shekhe wake. Lakini yako mambo ambayo kila aliyekaa kwenye darsa zetu ameyasikia, nayo yanatosha.

Sisi watu wa pwani hii ni wa madhehebu ya Imamu Shafi, na katika madhehebu yetu mbwa ni najisi nzito. Hilo halina mjadala, wala mimi sikuja kulipindua. Chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa mchanga. Lakini madhehebu hayo hayo yanatufundisha kwamba najisi huhama kwa unyevu. Mbwa mkavu akipita karibu na nguo kavu, nguo haikunajisika. Na umajimaji wake ukikugusa, sharia haikukutoa katika dini. Imekufundisha namna ya kujitoharisha, kisha ukaenda ukasali. Ndugu zetu wa madhehebu ya Imamu Malik, ambao ni mamilioni kule Afrika ya Magharibi na ya Kaskazini, wao hata hawamhesabu mbwa mzima kuwa najisi. Tofauti za maimamu ni rehema, wala hazikuwekwa zipiganiwe kwa mawe.

Ni kweli vile vile kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alionya juu ya kufuga mbwa bila ya haja. Lakini aliwatoa katika onyo hilo mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba. Walimwengu na Sina Neno ni walinzi wa mbuzi. Tena si mbwa zangu. Ni za jirani, ambaye hajafungwa na fikihi yetu. Mimi sikuwaingiza nyumbani kwangu, wala sitawaingiza.

Tena tukumbuke upande ambao hatuwasimulii watoto. Sura ya Al-Kahf, ambayo wengi wetu huisoma kila Ijumaa, inamtaja mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyenyoosha miguu yake kizingitini, na wakihesabiwa wao huhesabiwa naye. Aya ya 4 ya Sura ya Al-Maida inahalalisha windo alilolishika mnyama aliyefundishwa, naye mbwa yumo. Na katika Hadithi zilizo sahihi imo habari ya mtu aliyemwona mbwa akiramba udongo kwa kiu, akashuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akamnywesha, na kwa tendo hilo Mwenyezi Mungu akamsamehe. Fikiri: mtu anasamehewa kwa kumpa mbwa maji, na mtoto wetu anakwenda kusoma dini huku akimpa mbwa jiwe.

Wanazuoni wa kale nao hawakumwonea haya mnyama huyu. Kule Baghdad, mwanachuoni Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, alitunga kitabu kizima ambacho jina lake lasema kuwa mbwa ni bora kuliko wengi wanaovaa nguo. Alikuwa akiwasema watu wa zama zake waliokosa uaminifu. Sijui angetuandikia nini sisi.

Hapo ndipo ninapoirudia methali ya pili. Mcheza na mbwa huingia naye msikitini. Methali haikusema mtembea na mbwa, ilisema mcheza. Makusudio yake ni mtu aliyezoea jambo mpaka akapoteza mpaka, hata akasahau lipi lifanywe wapi. Dawa ya maradhi hayo ni kuujua mpaka. Anayejua mpaka wake hana haja ya kumchukia aliye upande wa pili.

UA WA MAJIRANI

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi lisemwe. Chuki yetu juu ya mbwa haikutoka katika vitabu vya fikihi peke yake. Sehemu yake imetoka kwa mkoloni. Mbwa ambaye babu zetu walimwona langoni kwa Mzungu hakuwekwa kwa ajili ya fisi. Aliwekwa kwa ajili yao. Hata leo vibao vya "Mbwa Kali" vingali vinatutazama katika malango ya matajiri, ambapo si mbwa tu aliye mkali, hata lugha imekuwa kali, maana Kiswahili fasihi kingesema "mbwa mkali". Mtu aliyekulia chini ya vibao hivyo ana haki ya kutowapenda mbwa.

Lakini sehemu nyingine, na hii ndiyo inayoniuma, imetokana na dharau yetu wenyewe. Tulizoea kumtazama Mmijikenda kama mtu wa nyuma, na mbwa wake tukamfanya ushahidi. Sisi wenye kanzu ndio waungwana, yeye mwenye mbwa ndiye wa porini. Tumesahau kwamba Mataifa Kumi na Mawili ya Mombasa na watu wa makaya walikuwa wakitegemeana kwa karne nyingi, katika biashara, katika vita na katika ndoa. Nafaka iliyoliwa mjini ilitoka kwao, na nguo walizovaa zilitoka mjini. Mswahili anayesema hana damu ya Mijikenda na aulize vizuri kwa bibi yake.

Mtume alituusia jirani, wala hakusema jirani asiye na mbwa. Kama ningemwambia sahibu yangu atembee peke yake, dini yangu isingeongezeka hata chembe, lakini ujirani ungekufa, na huenda naye angekufa.

ADABU ZA MWENDO

Kwa kuwa sipendi maneno matupu, nitaeleza tunavyofanya, labda yuko atakayetaka kuiga.

Mimi husali sala ya alfajiri msikitini kwanza. Kisha hurudi nyumbani nikavua kanzu, nikavaa nguo za kutembelea, ambazo sizisalii. Mbwa huenda upande wa sahibu yangu, mimi nikawa upande wa pili. Katika mitaa yenye watu huwa wamefungwa kamba, na hufunguliwa tu tukifika pahali peupe. Hatupiti mlangoni pa msikiti wala pa chuo. Uchafu wao njiani huokotwa na mwenyewe kwa karatasi, maana njia ni ya wote. Tukiona mama au mtoto anaogopa, sisi ndio tunaopisha. Na ikitokea nguo yangu imepata mate, bahari iko, mchanga uko, na hesabu ya saba mimi naijua.

Mwezi wa Ramadhani tuligeuza saa. Tulitembea karibu na magharibi, pole pole, na mwenzangu, ambaye hafungi, alijizuia asinywe maji mbele yangu. Sikumwomba.

Lipo na suala la kichaa cha mbwa, ambalo si la mzaha. Maradhi hayo yakishaonyesha dalili kwa binadamu ni nadra mno mtu kupona, na karibu yote huletwa na kuumwa na mbwa. Serikali yetu iliweka mpango mwaka 2014 wa kuyamaliza kufikia mwaka 2030, na nguzo yake ni kuwachanja mbwa. Wataalamu wanasema kwamba saba katika kila kumi wakichanjwa, maradhi hukatika. Sahibu yangu huwachanja mbwa zake kila mwaka na cheti anacho. Mtu akiumwa, na aoshe jeraha upesi kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali kuchanjwa siku hiyo hiyo, asingoje. Ikiwa kweli tunawaogopea watoto wetu mbwa, basi hili ndilo la kulishughulikia. Jiwe halizuii kichaa, na mbwa aliyezoea kupigwa mawe ndiye aumaye upesi.

SHIME

Ninayoomba ni mambo matatu tu. Kwanza, nawaomba walimu wa vyuo vyetu wawafundishe watoto mlango wa tohara wote, pamoja na mlango wa huruma. Anayejua namna ya kuiosha najisi hana sababu ya kuikimbilia na mawe. Na atajwe wazi kwamba kumjeruhi jirani ni dhambi, awe anakwenda na mbwa au hana.

Pili, nawaomba wazee wenzangu watoke barazani. Si lazima watembee na mbwa. Na watembee na mke, na mjukuu, na rafiki wa utotoni ambaye hawajaonana tangu mazishi yaliyopita. Nimewaona akina mama wa buibui wakienda wawili wawili ufuoni asubuhi, wamevaa viatu vya mpira, wanakwenda kwa haraka na kuzungumza kwa haraka zaidi. Wametutangulia. Luqman alipomuusia mwanawe alimwambia aende mwendo wa kadiri, bila ya maringo. Wasia huo wafaa mpaka leo, lakini ili uende mwendo wa kadiri, kwanza uende.

Tatu, nawaomba wakuu wanaohusika watuachie njia. Pwani hii ina ufuo mrefu na vichochoro vichache vya kuufikia, na kila mwaka kimoja huzibwa kwa ukuta. Barabara kubwa nazo magari yana nafasi na mwenye miguu hana. Watu watatembeaje pasipo pa kutembea?

Ama mimi nilimjibu sahibu yangu siku ile aliyoniuliza. Nilimwambia kuwa jina langu msikitini limewekwa na sala zangu, wala haliondoki kwa mbwa wa jirani. Anayetaka kujua kama sala yangu inasihi na aje aniulize nilivyojitoharisha, nitamweleza bila ya hasira. Na anayetaka kujua kwa nini natembea, na aje njia panda baada ya sala ya alfajiri. Nafasi ipo, upande wangu, mbali na mbwa.

Wabillahi taufiki.